Tisini na Sita ya Ijumaa Ile

Jumapili, 1 Machi

Daftari hili lilikuwa la mke wangu. Nimelikuta kwenye mkoba wake wa kazini, ule uliorudi nasi kutoka hospitali, pamoja na kitana na kipande cha sabuni kilichokauka hadi kikapasuka. Alikuwa akiandika humu bei ya hisa zake kila Ijumaa, tarehe na namba, basi, kwa mwandiko wake wa kubana kama mtu anayeogopa karatasi itaisha. Namba ya kwanza ni 22. Ya mwisho ni 96, iko chini kabisa ya ukurasa. Karatasi haikuisha. Mimi siwezi kutupa kitu ambacho bado ni kizima, kwa hiyo nimeligeuza daftari na kuanza kuandika kwa nyuma, nisije nikachafua upande wake.

Mimi ni fundi mizani. Natengeneza mizani za mabucha, za maduka ya nafaka, za zahanati, na zamani nilikuwa natengeneza za kiwanda cha sabuni, ndiko nilikomkuta yeye akifungasha miche. Kiwanda kilipowauzia wafanyakazi wake hisa, wenzake wengi walizikataa. Yeye alinunua kidogo kidogo kwa miaka kumi na nne.

Mvua imeanza leo alfajiri. Bati la karakana linavuja palepale, juu ya meza ya kazi.

Ijumaa, 6 Machi

Gazeti linaandika hivi: jina la kampuni, bei ya juu ya mwaka, bei ya chini ya mwaka, halafu bei ya jana. Kiwanda cha sabuni: juu 96, chini 58, jana 66.

Jambo hili nalielewa kuliko wengi. Kila mizani ina alama mbili zilizogongwa na aliyeiunda, uzito mdogo kabisa na mkubwa kabisa. Sindano inacheza hapo katikati. Haitoki nje. Kwa sasa iko karibu na chini, kwa hiyo kilichobaki ni kupanda. Kinachotakiwa ni subira, na mimi subira sina. Leo nimesimama na kukaa mpaka kiti kimelegea mguu.

Jumatatu, 9 Machi

Binti yangu amekuja kabla ya kwenda kazini. Yeye ni fundi wa meno bandia. Ana miaka sita akifanya kazi kwa mzee mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Magego. Meno anayatengeneza binti yangu, jina mlangoni ni la mzee.

Mzee Magego anastaafu. Mwisho wa Mei anahamia kwa mwanawe wa kwanza, na anauza kila kitu: tanuri, mashine za kusaga na kung'arisha, na chumba chenyewe anamwachia atakayevinunua. Amempa binti yangu nafasi ya kwanza mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo. Wa pili kwenye foleni ni daktari mmoja wa meno, mwenye pesa mkononi na fundi wake mwenyewe. Akichukua yeye, binti yangu hana kazi.

Hisa zile mama yake alizinunua kwa ajili yake, hilo halina ubishi. Zimeandikwa jina langu kwa sababu mimi ndiye mgane. Zikiuzwa leo zinatosha vyombo vyote, na kodi ya miezi sita inabaki. Nikamwambia tusubiri kidogo. Akauliza mpaka lini. Nikamwambia mpaka tisini na sita.

Akaniangalia kama mama yake alivyokuwa akiniangalia nikisema narudi sasa hivi.

Jumatano, 11 Machi

Mvua. Wateja hakuna. Nimepima kila kitu kilichomo karakana, mpaka kiatu changu cha kushoto na cha kulia. Havilingani.

Ijumaa, 13 Machi

64.

Jumanne, 17 Machi

Nimekwenda kwa dalali wa hisa, juu ya duka la vitambaa, ngazi ya pili. Mhudumu ni dada mmoja wa umri wa binti yangu, karani, mwenye kalamu mbili kwenye nywele na ya tatu anaitafuta. Nilitaka anithibitishie tu kwamba bei ikikaribia ile ya chini inageuka.

Akasema hapana. Akasema vizuri, kwa heshima, lakini akasema hapana. Namba zile mbili ni kumbukumbu. Zinaonyesha kwa mwaka mmoja uliopita bei imewahi kufika wapi juu na wapi chini, ili mtu ajue leo yuko upande gani. Hazionyeshi itakwenda wapi.

Nikamweleza habari za mizani na alama zake. Alisikiliza mpaka mwisho, nimshukuru kwa hilo.

"Mizani kuna mtu aliiunda akaiwekea mwisho, Mzee," akasema. "Hii hakuna aliyeiwekea."

Nimeshuka ngazi nikijiambia ni mtoto mdogo, hajaona mambo. Nimezunguka mtaa mara tatu kwenye mvua kabla ya kukumbuka kwamba nilikwenda na mwavuli. Nimeuacha kwake.

Jumatano, 18 Machi

Sikuufuata mwavuli. Naona haya.

Ijumaa, 27 Machi

61. Binti yangu amepita na mkate. Hakuuliza kitu. Amepanga bisibisi zangu kwa ukubwa, akaondoka. Akiwa na wasiwasi lazima apange vitu vya watu.

Ijumaa, 3 Aprili

58! Imegusa chini kabisa. Nimefurahi kama mwendawazimu. Yule mama muuza magazeti, ambaye siku hizi ananiita Tajiri, aliniuliza mbona nacheka na bei imeanguka. Nikamwambia hapa ndipo sakafu, mama, kuanzia hapa ni kupanda tu. Akasema basi nikipanda nimkumbuke. Nimepiga mluzi mchana kutwa, na nimerekebisha mizani ya bucha bila kumtoza mwenyewe kitu.

Jumanne, 7 Aprili

Juu 96, chini 56, jana 56.

Nimesoma mara nne. Ile 58 haipo. Bei iliposhuka, wameishusha na alama yenyewe. Sakafu imekwenda chini pamoja na mtu aliyesimama juu yake. Sijapata kuona kifaa cha namna hii. Mtu akiniletea mizani ambayo alama zake zinahama nitamwambia aitupe.

Maji yameingia karakana mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nimeshinda nikiyazoa kwa karai. Angalau hiyo ni kazi inayoeleweka.

Jumapili, 12 Aprili

Niandike basi, nimechoka kulibeba.

Ijumaa ya tarehe 9 Mei mwaka jana mke wangu alikuwa amelazwa, kitanda cha dirishani. Asubuhi ile ulizuka uvumi kwamba kiwanda cha sabuni kinanunuliwa na kampuni kubwa ya nje, na hisa zikaruka. Muuguzi mmoja naye alikuwa nazo, ndiye aliyeleta habari wodini. Mke wangu akaniambia niende kwa dalali. Binti yetu alikuwa pale pale, anamenya chungwa. Nikaenda. Nikafika mpaka ndani. Ubao ulionyesha 96, watu wamejaa, na bwana mmoja mbele yangu akatangaza kwamba Jumatatu itagonga mia. Mia ilinikaa kichwani. Niliiona namba safi, ya kumpelekea mgonjwa. Nikatoka kwenye foleni, nikarudi. Mke wangu nikamwambia watu walikuwa wengi, nitakwenda tena Jumatatu.

Jumatatu ile kampuni ya nje ikakanusha. Bei ikafungua 74.

Hakuniuliza tena. Ijumaa iliyofuata akaniomba gazeti. Lilikuwa chini ya koti langu. Nikamwambia magazeti yameisha. Akaniangalia, halafu akasema niende nikanyoe ndevu, nimekuwa kama mwizi wa kuku. Kesho yake asubuhi akafariki, na mimi nilikuwa sijanyoa.

Sasa nikiuza kwa 56 itakuwa nimekiri. Ikirudi tisini na sita itakuwa nilichelewa tu. Hiyo ndiyo hesabu yangu yote, na najua haiingii akilini mwa mtu mwingine.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua. Kiti kile kimevunjika mguu.

Ijumaa, 24 Aprili

54.

Binti yangu amekuja asubuhi na aproni yake ya kazini, imejaa unga wa plasta. Safari hii hakukaa, na hakupanga bisibisi. Alisimama mlangoni, maji yanamtiririka begani, akaniambia Mzee Magego ameanza kupokea malipo ya daktari kwa baadhi ya vitu, maana naye anahama, hawezi kukaa roho juu kwa ajili yetu. Zilizobaki ni wiki tano. Kwa bei ya leo tayari chumba kimetushinda.

"Baba, unangoja nini? Niambie kweli."

Nikamwambia tisini na sita. Nikamwambia ndivyo mama yake alivyosema.

"Nilikuwepo, Baba. Mama alisema uza. Hakutaja namba. Namba umeiweka wewe."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata pa kushika. Badala yake nikamwambia neno ambalo halifutiki hata nikiliacha bila kuliandika, kwamba mama yake hajamaliza hata mwaka kaburini na yeye tayari ameshanyoosha mkono kwenye mali yake. Nililiona likimfika. Akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye begi, akaondoka na viatu vimeloa.

Nimebaki nimesimama. Sikumfuata, na mguu ulitaka.

Jumamosi, 25 Aprili

Hajapiga simu.

Jumapili, 26 Aprili

Nimepiga. Haikupokelewa.

Jumanne, 28 Aprili

Nimepiga tena, nikakata kabla haijaita. Kisha nimekwenda mpaka kona ya mtaa wao, nikanunua nyanya ambazo sizihitaji, nikarudi.

Ijumaa, 1 Mei

Leo sikukuu, gazeti halikutoka. Nimekosa hata cha kunikera.

Jumatatu, 4 Mei

Mzee Magego amekuja mwenyewe, na fimbo, na kisanduku chini ya kwapa. Ndani kuna mizani yake ndogo ya kupimia unga wa kutengenezea meno. Anataka niikague iwe sawasawa, ili atakayeichukua asije akamlaumu. Sikuuliza ni nani atakayeichukua.

Nilifanya kazi, yeye akaongea. Mashine kubwa ya kung'arisha imeshakwenda kwa daktari, na chumba pia. Tanuri na vifaa vidogo bado anavishikilia kwa ajili ya binti yangu. Akasema binti yangu haongei kazini siku hizi. Akasema pia kwamba meno aliyovaa yeye, ya juu na ya chini, ametengenezewa naye, na kwamba katika miaka arobaini ya kazi hakupata kuvaa kazi ya mtu mwingine.

"Jikaze kisabuni, bwana," akaniambia akiondoka, na mimi nikacheka kwa sababu ndiyo ilikuwa kauli ya mke wangu na wenzake kiwandani.

Mizani yake haikuwa na kosa lolote. Sikumtoza.

Ijumaa, 8 Mei

51. Na ya chini wameishusha tena, 51. Ya juu ipo palepale, 96. Nimeikata kwa mkasi na kuibandika ukutani, namba ile peke yake. Iko kama kucha.

Jumanne, 12 Mei

Leo nimejiaibisha mbele za watu.

Nilifungua gazeti palepale kwa mama muuza magazeti. Kiwanda cha sabuni: juu 74, chini 51, jana 52. Nikamwambia gazeti lina kosa. Akanipa lingine. Nalo lilikuwa na 74. Nikamwambia wameifuta, akaniuliza nini, na mimi nilikuwa nimeshafika katikati ya barabara.

Nilipanda ngazi za dalali mbili mbili. Kulikuwa na watu watatu kwenye benchi, sikuwaona. Nikalaza gazeti mbele ya karani.

"Mmeiweka wapi tisini na sita?"

Alielewa mara moja. Akageuza kompyuta nione. Akasema hakuna aliyeifuta. Mwaka unaoandikwa gazetini hauanzi Januari. Wanahesabu wiki hamsini na mbili kurudi nyuma kuanzia leo, na kila siku mpya ikiingia, moja ya zamani inatoka. Akaweka kidole kwenye mstari uliosimama peke yake kama mlingoti, na kila upande wake pamelala.

"Hii hapa ni tarehe tisa Mei. Imetoka, Mzee. Mwaka umeisha."

Nikamuuliza bei ilikaa pale juu muda gani. Nilikuwa najua. Nilitaka tu kusikia mtu mwingine akitaja.

"Siku moja," akasema. "Mchana mmoja, kwa kweli."

Nikaketi kwenye benchi kati ya wale watu, nikalia. Sikujificha. Nililia kwa sababu mwaka umeisha na mimi sikuuona ukiisha, nilikuwa nimekodoa macho kwenye namba yake moja tu. Miaka kumi na nne alinunua, miezi mingi aliugua, akafa, na mimi nimekwenda kumkalisha juu ya mchana mmoja niliomdanganya.

Karani hakuniambia niuze. Aliniletea maji, na mwavuli wangu. Aliuweka nyuma ya mlango tangu Machi.

Jumatano, 13 Mei

Nimeuza. 52.

Alhamisi, 14 Mei

Nimekwenda kwa Mzee Magego, nikasimama mlangoni kama binti yangu alivyosimama kwangu. Binti alikuwa ameinama juu ya fizi za nta, anapanga meno moja moja na kibano. Sikumwambia habari za hisa kwanza. Nilimwambia neno lile la mwezi uliopita halikuwa kweli, na kwamba nililisema kwa sababu yeye alisema kweli. Nilimwambia na habari ya foleni. Yote, mpaka gazeti chini ya koti.

Akaweka jino, akalitoa, akaliweka tena.

"Nilijua foleni uliiacha mwenyewe," akasema. "Nilikufuata siku ile na begi la Mama, ulikuwa umesahau kitambulisho. Nilikuona unatoka."

Mwaka mzima alijua, na akaniletea mkate.

Jumapili, 17 Mei

Mwaka mmoja. Tumekwenda wote wawili kung'oa majani kaburini. Mvua ilitungoja tumalize.

Jumatano, 20 Mei

Malipo yameingia jana, leo tumeyatumia. Tumepata tanuri, mashine ndogo ya kusaga, vibao vyote vya kuchukulia umbo la taya, na mizani ile ndogo. Zilizobaki ni za mashine ya kung'arisha iliyotumika, akiipata. Chumba hatuna. Mwezi Machi tungekuwa nacho. Hilo ni langu, na sitalipunguza uzito.

Kwa hiyo nimechora mstari wa chaki katikati ya karakana yangu. Upande wenye dirisha ni wake. Mizani na vumbi la plasta ni maadui, lakini nitazifunika. Amesema sharti la kwanza ni bati. Nimepanda juu mwenyewe na lami, na yeye chini akinielekeza, tena kwa sauti ya mama yake kabisa.

Ijumaa, 22 Mei

Sikununua gazeti. Mama muuza magazeti ameniuliza kama nimefilisika. Nikamwambia nimehama biashara, sasa niko kwenye meno.

Jumapili, 31 Mei

Mvua imekatika siku ya nne leo. Tumehamisha tanuri asubuhi na mkokoteni, Mzee Magego akitembea pembeni yake kama anasindikiza bibi harusi. Alikabidhi funguo za chumba chake kwa daktari, akarudi kwetu, akaketi kwenye kiti kile nilichokitia mguu mpya, akamwangalia binti yangu akiwasha moto wa kwanza. Mteja wa kwanza ameshaandikwa, Jumanne, meno manne ya mbele.

Wao walipokuwa wanabishana juu ya mahali pa kuweka plasta, mimi nilichukua daftari hili nione zimebaki karatasi ngapi kati ya upande wangu na wake. Nikafungua pale kwenye 96, chini kabisa ya ukurasa. Sikuwahi kuugeuza ukurasa ule. Niliamini hakuna kitu nyuma yake.

Kuna mstari mmoja, juu kabisa, mwandiko umelegea lakini ni wake.

Ijumaa, 16 Mei. 73. Bado nzuri.

Alipata gazeti. Sijui kwa nani, labda kwa yule muuguzi. Alijua bei, na alijua sikuuza, na alijua lilikuwa chini ya koti. Akaandika namba ya siku kama alivyoandika zote tangu 22, halafu mimi nikaingia na uongo wangu wa magazeti kuisha, akanituma nikanyoe.

Nimempa binti yangu asome. Amesoma mara mbili. Amejifuta macho kwa mkono wenye plasta na kubaki na mstari mweupe shavuni, halafu akaniangalia usoni, kidevuni hasa, kwa muda.

"Nenda basi, Baba," akasema. "Kinyozi wa kona yuko wazi."

Nimekwenda.